Mwenyekiti Aachia Ngazi Miezi Saba Kabla ya Pikiniki: Kisa cha Klabu ya Wabaski Magharibi ya Marekani

Jina la klabu, mji, jimbo na majina ya wahusika yameondolewa. Mambo machache yamechukuliwa kutoka klabu za jirani zilizopitia hali hiyohiyo, na hesabu zimesogezwa kidogo, ili hata Mbaski wa huko asiweze kusema ni klabu ipi.

Usuli

Wabaski ni watu wa kona ya Ghuba ya Biscay, pande zote mbili za mpaka wa Hispania na Ufaransa. Waliokwenda magharibi ya Marekani wengi walikwenda kuchunga kondoo. Wa Idaho walitoka hasa mkoa wa Bizkaia, upande wa Hispania. Wa California na Nevada wengi walitoka Navarra na upande wa Ufaransa. Kijana alifika bila Kiingereza, akapewa kundi la kondoo na mbwa, akakaa milimani kwa miezi. Aliposhuka mjini alifikia nyumba ya wageni ya Kibaski. Hapo alilala, alikula meza moja na wenzake, alipata barua zake, alitafutiwa kazi, na mara nyingi alipata mchumba.

Kuanzia miaka ya 1970 wimbi hilo lilikatika. Maisha kwao yalikuwa yameboreka, ufugaji wa kondoo Marekani ulikuwa unapungua, na kazi ya milimani ikashikwa zaidi na watu kutoka Peru. Nyumba za wageni zilifungwa moja baada ya nyingine. Kilichobaki kuwakutanisha watu ni klabu na pikiniki yake ya kila kiangazi: misa, ngoma za watoto, chakula cha mchana cha nyama ya mwanakondoo na maharage, karata za mus, akodioni hadi usiku. Mwaka 1973 klabu ziliunda shirikisho, NABO (North American Basque Organizations), ambalo huratibu kalenda ili pikiniki zisigongane, huandaa fainali za mus, na husimamia kambi ya watoto iitwayo Udaleku inayohama kutoka klabu hadi klabu.

Karibu kazi yote hii hufanywa bila malipo. Klabu ya Wabaski ya Laurak Bat huko Buenos Aires, Argentina, iliyoanzishwa mwaka 1877, ina jengo na mgahawa. Klabu ndogo ya mji wa ranchi haina kitu cha namna hiyo. Ina watu wake tu, na watu hao wanazeeka.

Klabu yenyewe

Klabu inayozungumziwa iliundwa miaka ya 1970. Kwenye daftari ina familia 180, kila moja ikilipa ada ya dola 40 kwa mwaka. Hukodi uwanja wa maonyesho wa kaunti kwa ajili ya pikiniki, na ukumbi wa parokia kwa karamu ya majira ya baridi. Mapato ya mwaka ni kama dola 56,000: ada 7,200, pikiniki 41,000, na karamu pamoja na mashindano ya mus karibu 8,000. Kikundi cha ngoma kina watoto 30.

Kamati ilikuwa na watu tisa. Mwenyekiti, aliyefika Marekani akiwa mchunga kondoo kijana, alikuwa amekalia kiti miaka 19. Mkewe aliongoza jiko muda wote huo bila cheo chochote. Katiba iliruhusu kupiga kura na kugombea watu wa asili ya Kibaski peke yao. Wake, waume na marafiki waliolipa ada waliitwa wanachama washiriki. Walichoma nyama, waliuza vinywaji kwenye baa, waliosha masufuria hadi saa saba usiku, na kwenye mkutano mkuu walikaa viti vya nyuma.

Yaliyotokea

Katika mkutano mkuu wa Januari walihudhuria watu 41. Mwenyekiti, aliyepata kiharusi kidogo mwezi Novemba, alitangaza kwamba yeye na mkewe wanapumzika. Majina yaliombwa mara tatu, hakuna aliyejitokeza. Makamu alikubali kukaimu hadi Agosti, kwa sharti kwamba asiachwe peke yake.

Ndani ya wiki tatu yalianza kufumuka mambo. Uwanja ulikuwa umeshikiliwa kwa simu, kwa kuaminiana na ofisa wa kaunti ambaye sasa amestaafu, mkataba haukuwapo. Waliosajiliwa kusaini benki walikuwa wawili, mwenyekiti na mweka hazina aliyehamia jimbo jingine. Nywila ya barua pepe ya klabu ilikuwa kwenye simu ya mke wa mwenyekiti. Bima iligusa mikutano na ngoma, lakini haikugusa uuzaji wa pombe, na kwenye pikiniki baa ndiyo huleta faida kubwa.

Kubwa zaidi lilikuwa la kodi. Klabu imesajiliwa serikalini kama klabu ya kijamii, kundi la 501(c)(7), ambalo halitozwi kodi ya mapato kwa fedha zitokazo kwa wanachama wake. Hata hivyo ni lazima iwasilishe taarifa kila mwaka, na isipowasilisha kwa miaka mitatu mfululizo hufutiwa msamaha wa kodi papo hapo bila kikao. Miaka miwili ilikuwa imepita bila taarifa. Ya tatu ilitakiwa ifikapo tarehe 15 Mei.

Kulikuwa na kosa jingine chini ya hilo. Miaka ya nyuma klabu ilijaza fomu fupi ya mtandaoni, 990-N, ambayo ni ya vikundi ambavyo mapato ghafi yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000. Yenyewe ilishavuka kiwango hicho, kwa hiyo ilitakiwa kujaza 990-EZ yenye hesabu kamili. Tena klabu ya kundi hili inaruhusiwa kupata kwa wasio wanachama asilimia 35 ya mapato ghafi na si zaidi, na ndani ya hizo, asilimia 15 tu kutokana na watu wa nje kutumia huduma zake. Kati ya sahani 450 za pikiniki, kama 260 zilinunuliwa na watu wa mjini. Kwa makadirio, fedha za nje, yaani za wasio wanachama, zilifika asilimia 42.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kutofuta pikiniki. Baadhi walitaka mwaka mmoja wa kupumua. Kamati ilikataa kwa sababu mbili: pikiniki ni karibu robo tatu ya mapato, na watoto wa ngoma hufanya mazoezi mwaka mzima wakiisubiri siku hiyo. Uzoefu wa klabu za namna hii unaonyesha kwamba ukiruka kiangazi kimoja, mpiga akodioni anachukuliwa na klabu nyingine, tarehe inajazwa, na familia zinapanga safari nyingine. Uamuzi ulikuwa sahihi. Badala ya kufuta, walipunguza: siku mbili zikawa moja, sahani 450 zikawa 350, na maonyesho ya michezo ya jadi ya Kibaski, kupasua magogo na kunyanyua mawe, yakaondolewa. Wanamichezo wake hulipwa na hugharimiwa safari, na bima yake ni ya peke yake.

La pili ndilo lililoiokoa klabu. Kabla ya kutafuta mwenyekiti mpya, waliifumua kazi ya yule wa zamani. Watu wawili walikwenda kwa wanandoa hao jioni mbili, wakiwa na kinasa sauti na kadi tupu. Waliwaomba wausimulie mwaka mzima kuanzia Septemba, na kila kitendo kikaandikwa kwenye kadi yake: nani hupigiwa simu, lini, kwa namba ipi, na nini hutokea asipopigiwa. Zilipatikana kadi 137. Nyingine ni ndogo mno kiasi kwamba hakuna ambaye angezikumbuka: ufunguo wa choo cha uwanjani huchukuliwa Ijumaa kabla ya saa kumi, kwa sababu ofisi hufungwa, leseni ya pombe ya siku moja katika kaunti ile huombwa siku 30 kabla, hati ya bima lazima imtaje mwenye uwanja, la sivyo lango halifunguliwi.

Kadi zilipangwa katika majukumu 11. Waliweka masharti matatu: jukumu lisizidi saa 25 kwa mwaka, liwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kila mwenye jukumu awe na msaidizi atakayelirithi. Mama mwenye watoto wawili na ajira ya kudumu hawezi kuahidi "kuwa kwenye kamati". Anaweza kuahidi kuagiza mikate na kuipokea. Majukumu tisa yalipata watu ndani ya wiki mbili, wengi wao wazazi ambao watoto wao walikuwa wamekwenda Udaleku, watu ambao hawakuwahi kuombwa jambo lolote mahususi.

La tatu lilikuwa gumu: kura. Kati ya watu tisa waliochukua majukumu hayo, watano walikuwa wanachama washiriki. Makamu alisema wazi kwamba hawezi kumkabidhi mtu jiko la klabu huku akimnyima sauti. Wazee walipinga, na hoja yao ilistahili kusikilizwa. Walihofia kwamba baada ya miaka kumi pikiniki itakuwa sherehe ya bia yenye bendera ya Kibaski, bila lugha, bila mus, bila misa. Wapo waliokumbuka jinsi Kibaski kilivyodharauliwa shuleni walikokulia. Kwao sharti la asili lilikuwa uzio, na hakuna abomoaye uzio kabla ya kuuliza ulijengwa kuzuia nini.

Mapatano yalichukua vikao vitatu. Mwanachama yeyote mtu mzima aliyelipa ada miaka miwili mfululizo na kufanya angalau zamu moja ya kazi kila mwaka anapiga kura na anaweza kugombea. Kwa upande wa pili, kifungu cha madhumuni kiliandikwa upya kikitaja kwa majina yale yasiyouzwa: kufundisha Kibaski, ngoma, mus, na meza ya pamoja. Kukibadilisha kunahitaji robo tatu ya kura. Katika mkutano maalumu wa Aprili kura zilikuwa 58 za kukubali na 21 za kukataa, juu ya theluthi mbili iliyotakiwa. Kwa nafasi ya juu walichagua wenyeviti wenza wawili, vipindi vya miaka miwili visivyoisha pamoja, mwisho vipindi viwili. Mmoja wao ni mke wa Mbaski, asiye na asili ya huko.

Kodi ilishughulikiwa na mhasibu aliyelipwa dola 900. Alisisitiza mambo kwa mpangilio: kwanza taarifa ya mwaka wa tatu kabla ya 15 Mei ili mfululizo ukatike, kisha ndiyo warudi kujaza miaka miwili ya nyuma. Tiketi za wanachama zikachapishwa kwa rangi yake, ili mwaka huu mapato ya ndani na ya nje yahesabiwe badala ya kukisiwa. Swali la kuunda taasisi ya pili ya kundi la 501(c)(3), kundi la taasisi za hisani na elimu, kwa ajili ya ngoma na lugha liliahirishwa mwaka mmoja. Taasisi ya pili ina maana ya kamati ya pili, na watu walikuwa hawatoshi hata kwa moja.

Siku ya pikiniki

Jiko lilipanga sahani 350. Mwanakondoo mwenye mfupa alihesabiwa gramu 380 kwa mtu akiwa mbichi, jumla kilo 133, kwa kuwa mifupa na moto hula zaidi ya nusu. Maharage makavu yalikuwa gramu 60 kwa mtu, kilo 21, yakapikwa Ijumaa jioni katika masufuria manne ya lita 25.

Saa moja asubuhi ya Jumamosi masufuria mawili yalikuwa yamechacha, yakitoa povu. Yalimwagwa bila mabishano, na mtu akakimbilia dukani kununua makopo makubwa 12 ya kilo tatu.

Sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu. Mapishi yalikuwa yameandikwa: uzito, chumvi, muda, vitunguu, kiasi cha soseji za chorizo. Lililokosekana ni kupoza. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kushuka kutoka nyuzi 57 hadi 21 za Selsiasi ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Sufuria la lita 25 likifunikwa haliwezi. Katikati hubaki vuguvugu usiku kucha, na bakteria huzaana humo. Mke wa mwenyekiti, miaka yote 19, aliyamimina maharage kwenye trei za kina cha sentimita tano na kuziweka juu ya barafu. Alipohojiwa hakulitaja, kwa sababu kwake hilo lilikuwa usafi wa kawaida wa mpishi. Masufuria mawili yaliyonusurika yalikuwa ya mpishi aliyewahi kufanya kazi naye bega kwa bega.

Tatizo la pili siku hiyo lilikuwa wanandoa wenyewe. Walikuwa wamepewa cheo cha heshima, maua, na viti vya mbele kwenye misa, lakini hawakuwa na kazi. Kufikia saa nne mzee alikuwa kwenye mkaa akibadilisha mpangilio wa nyama, na mkewe jikoni akitoa maagizo tofauti na ya kiongozi mpya. Vijana hawakujua wamtii nani. Foleni ilisimama dakika 40.

Matokeo

Ziliuzwa sahani 310. Faida ilikuwa dola 11,200, ambapo miaka ya nyuma ilikuwa kama 17,000. Waliofanya zamu walikuwa 64, kutoka 38, na zamu zilikuwa za saa mbili na nusu. Msamaha wa kodi haukufutwa. Familia 14 mpya zililipa ada kabla ya Desemba, nyingi zikiwa za wale walioandikwa kwenye zamu.

Ruzuku ilikosekana. Serikali ya Nchi ya Wabaski, chini ya Sheria namba 8 ya mwaka 1994, huwasaidia Wabaski wa ughaibuni kupitia klabu zilizosajiliwa kwake, na ruzuku hizo hutangazwa kila mwaka. Klabu hii imesajiliwa, lakini maombi yanadai hesabu na taarifa za shughuli, na hizo ndizo zilizokuwa zikifukuliwa. Tarehe ilipita.

Oktoba, mwalimu wa ngoma alijiuzulu. Ana miaka 23, na ndiye kijana pekee aliyehudhuria kila kikao tangu Januari. Alipewa ngoma, akapewa mitandao ya kijamii, kisha akapewa ukatibu. Watoto walikaa miezi mitano bila mazoezi, na sita hawakurudi.

Uchambuzi

Malalamiko yanayosikika katika klabu nyingi ni kwamba vijana hawataki kujitolea. Kisa hiki hakiungi mkono hilo. Watu 64 walijitokeza mara tu kazi ilipokuwa na ukubwa unaojulikana na mwisho unaoonekana. Kilichokosekana Januari ni mtu wa kuchukua mzigo usio na mpaka, na mtu mwenye akili timamu, ajira na watoto hapaswi kuuchukua. Kiti kile kilikuwa kimekua kufuata umbo la mtu mmoja na mkewe. Kumtafuta mwingine wa umbo lile lile kungemaliza miaka mingine mitano.

Masharti ya saa 25 na msaidizi yalifanya kazi, lakini yalivunjwa palepale yalipohitajika zaidi. Mwalimu wa ngoma alikuwa na majukumu matatu, karibu saa 200 kwa mwaka, na msaidizi hakuwa naye hata kwa moja. Kila aliyempa kazi alifanya hivyo kwa kumpenda na kumsifu. Kanuni isiyo na mlinzi huvunjwa na wema. Sasa katibu ana jedwali moja lenye majina na saa, na jina likizidi majukumu mawili kikao hakiendelei hadi moja lipate mwenyewe.

Mabadiliko ya kura yalifanikiwa kwa sababu hofu ya wazee ilipewa mahali kwenye maandishi. Klabu nyingine zimebadilisha kifungu cha uanachama peke yake, kwa kura chache, na kupoteza wazee kumi au kumi na tano siku ileile, pamoja na Kibaski chao cha kuzaliwa nacho. Hapa waliondoka wawili. Ni kweli kwamba kulinda madhumuni kwa robo tatu ya kura hakufundishi mtu lugha. Darasa la Kibaski lina wanafunzi saba, na mwalimu wake ni mmoja.

Kuhusu kurithisha ujuzi, kinasa sauti kilifaa kwa mambo ya ofisi: simu, tarehe, funguo, hati. Kwa jiko kilishindwa. Anayejua sana kazi ya mikono haoni hatua zake mwenyewe, na swali "unafanyaje?" hupata jibu la nusu. Mwaka wa pili walibadilisha njia. Januari mke wa mwenyekiti wa zamani alitengeneza chorizo na wanafunzi watatu; mmoja akifanya, wa pili akiandika kila anachokiona, wa tatu akishika kipimajoto na saa. Karatasi ya maharage, iliyokuwa na mistari tisa, sasa ina ishirini na sita.

Na wanandoa walipewa kazi. Mzee anaongoza mus: kupanga meza, kuamua mizozo ya pointi, kuwasindikiza washindi kwenye fainali za NABO. Ni mamlaka kamili, mbali na mkaa. Mkewe ndiye anayeonja chakula saa tatu asubuhi na kusema kitoke au kisitoke, na neno lake ni la mwisho kwa jambo hilo moja.

Hadi kisa hiki kinaandikwa, nafasi ya mweka hazina bado haina msaidizi. Hesabu ya tiketi za rangi ilionyesha fedha za nje kuwa asilimia 38, na mhasibu ameshauri bei ya mwanachama na ya mgeni zitenganishwe na mauzo ya mjini yasizidi sahani 120 hadi taasisi ya pili isajiliwe. Kwa kuwa asilimia 15 ya huduma ni kikomo cha peke yake, baa nayo itahesabiwa kwa tiketi za rangi kuanzia kiangazi kijacho.